Presha ya Mafuta na Pampu Inayosingiziwa

Gari dogo la petroli linapanda mlima wa Kitonga likiwa na watu wanne na mizigo. Nusu ya mlima nguvu zinakwisha: dereva anakanyaga mafuta hadi chini, injini inaguna, mwendo haupandi. Likifika tambarare linakuwa zima kama halikuwa na neno. Mwenye gari akilipeleka gereji tatu, atarudi na majibu matatu. Fundi wa kwanza atasema pampu ya mafuta imechoka. Wa pili atachomeka mashine, ataona kodi ya hitilafu P0171, atasema sensa ya oksijeni imekufa. Wa tatu atafungua plagi, atazitazama kwenye mwanga, atasema ndizo. Na kila mmoja wao huenda amewahi kuona gari lenye dalili hizo hizo likipona kwa tiba anayoitaja. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Hitilafu ya presha ya mafuta haina dalili ya peke yake. Kuchelewa kuwaka asubuhi, kukosa nguvu mlimani, kuzima ghafla mchana wa jua kali, kutetemeka kwenye foleni: yote yanaweza kuletwa na presha, na yote yanaweza kuletwa na vitu visivyohusiana na mafuta hata kidogo. Kwa hiyo mafundi wamegawanyika. Wapo wanaoamini sikio na uzoefu, wapo wanaoamini mashine, wapo wanaoamini geji, na lipo kundi la nne, dogo na lisilosikika sana, linaloanza na umeme. Kila kundi lina hoja. Kila kundi pia lina mahali linapompotezea mwenye gari pesa.

Pampu haitengenezi presha

Kuna mafundi watakaobishana na kichwa hicho, lakini ndilo jambo la msingi. Pampu inasukuma mafuta. Presha inatokea pale mafuta hayo yanapozuiwa njiani. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: ukiuacha wazi maji yanaanguka miguuni pako, ukiubana mdomo kwa kidole yanaruka mbali, na bomba ni lile lile. Ndani ya gari, kidole ni regyuleta. Presha inayosomwa kwenye reli ya nozeli basi ni matokeo ya mambo manne kwa pamoja: nguvu ya pampu yenyewe, umeme unaoifikia, uwazi wa njia kutoka tenkini hadi kwenye reli, na kazi ya regyuleta. Moja likiharibika namba inashuka au inapanda, lakini namba hiyo haitaji jina la mkosaji.

Kiwango kinachotakiwa nacho hutegemea kizazi cha injini. Kabureta iliridhika na sehemu ndogo tu ya bar moja, na pampu yake ya kiwambo ilisukumwa na injini yenyewe. Nozeli zinazoongozwa kwa umeme zilianza kuenea mwaka 1967, Bosch walipoufunga mfumo wao kwenye Volkswagen 1600, na tangu hapo namba zimekuwa zikipanda. Corolla za miaka ya 1990 zenye injini za 5A na 7A zina laini ya kurudisha mafuta tenkini na regyuleta iliyo kwenye reli, yenye kimpira chembamba kinachopata upepo kutoka kwenye manifoldi. Ukikichomoa kimpira hicho, presha husoma kati ya bar 2.7 na 3. Ukikirudisha injini ikiunguruma bila kukanyagwa, inashuka kwa kama nusu bar. Vitz, IST na Probox zenye injini ya 1NZ hazina laini ya kurudisha. Regyuleta, filta na pampu vyote vimo ndani ya tenki, na presha inatakiwa kukaa kati ya bar 3 na 3.4 muda wote, injini ikikanyagwa au isikanyagwe. (Geji nyingi za mitaani husoma kwa PSI, bar 1 ni PSI 14.5.)

Tofauti hiyo peke yake imezaa makosa mengi. Fundi aliyelelewa na Corolla za zamani akipewa Vitz, akaona presha haibadiliki anapokanyaga mafuta, atadhani regyuleta imekwama. Haijakwama. Ndivyo ilivyoundwa.

Juu ya hapo kuna petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo Mitsubishi waliiingiza kwenye magari ya kawaida mwaka 1996 kwa jina la GDI na Toyota wakafuata na D4, pamoja na dizeli ya komoni reli. Hizo zinahitaji fungu lao peke yake, kwa sababu kwazo hesabu yote inageuka.

Sikio, pua na mkono

Njia ya kwanza haigharimu kitu, na si ya kudharauliwa. Fundi anayesogeza sikio kwenye mdomo wa tenki huku mwenzake akiwasha gari anajua papo hapo kama pampu inazunguka. Akigonga chini ya tenki gari lililogoma likawaka, amepata ushahidi mzuri kwamba brashi za mota ya pampu zimelika. Akichomoa kile kimpira cha upepo cha regyuleta akakikuta kimelowa petroli, hana haja ya kifaa kingine: kiwambo cha ndani kimepasuka, na injini imekuwa ikinyweshwa mafuta ya ziada kupitia njia isiyo yake. Mashine ya mamilioni isingemwambia hilo kwa haraka kiasi hicho.

Udhaifu unaanza pale sikio linapopewa kazi lisiyoiweza. Pampu inayovuma si lazima iwe inafikisha mafuta. Inaweza kuzunguka vizuri huku mpira mfupi wa ndani ya tenki umepasuka na nusu ya mafuta yanarudi yalikotoka. Na pampu isiyosikika swichi inapowashwa si lazima iwe imekufa, kwani baadhi ya Toyota haziiwashi hadi injini ianze kuzungushwa na starta. Kwa gari la namna hiyo kipimo cha kuwasha swichi na kusikiliza hakina maana yoyote, ingawa kimekwisha kuziua pampu nyingi nzima.

Ndugu wa karibu wa sikio ni kubadilisha na kujaribu. Hoja yake ni ya kweli kwa kiasi: ukiwa na pampu unayoijua ni nzima, kutoka kwenye gari la aina hiyo hiyo linalotembea, kuifunga kwa dakika chache ni kipimo kama vipimo vingine. Tatizo ni kwamba pampu inayofungwa kwa kawaida si hiyo. Ni mpya iliyotoka Kariakoo au Kirinyaga Road, kwenye boksi lenye maandishi makubwa, ubora wake haujulikani. Gari likibaki vile vile, hujui kama pampu ya zamani ilikuwa nzima au mpya nayo ni mbovu. Ulikuwa na swali moja, sasa unayo mawili.

Lipo pia jambo ambalo watetezi wa njia hii hawalizungumzii. Ili kubadilisha pampu lazima uchomoe soketi yake ya umeme na kuichomeka upya. Kama kosa lilikuwa kutu kwenye meno ya soketi hiyo, kitendo cha kuchomoa na kuchomeka kinaikwangua kutu, umeme unapita, gari linapona. Sifa inakwenda kwa pampu mpya. Ya zamani inatupwa ikiwa nzima, na kutu ikirudi baada ya miezi michache, lawama inakwenda kwa muuza spea.

Mashine inaona nini

Wanaochomeka mashine kwanza wana hoja nzito: hawafungui kitu, hawamwagi petroli, na wanapata habari ambazo mkono hauzifikii. Lakini karibu magari yote madogo ya petroli yenye nozeli kwenye manifoldi hayana sensa ya presha ya mafuta. Kompyuta ya injini haijui presha ni ngapi. Inadhani ni ile iliyoandikwa kiwandani, inafungua nozeli kwa muda unaolingana na dhana hiyo, kisha inauliza sensa ya oksijeni kama mafuta yalitosha. P0171 maana yake ni kwamba jibu limekuwa "hayatoshi" kwa muda mrefu. Aliyeleta habari ya njaa ni sensa, na fundi anayeibadilisha kwa kuwa jina lake limetajwa anamwadhibu tarishi.

Kilicho na thamani zaidi kuliko kodi ni asilimia ya marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ambayo hata kifaa kidogo cha Bluetooth huweza kuisoma pale gari linapokubali kuzungumza nacho. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani si yote yanayokubali. Kiasi cha mafuta kinachopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani hakishuki sawasawa nayo. Presha ikitoka bar 3 ikawa 2.4, imepungua kwa asilimia 20, lakini mafuta hupungua kwa asilimia 11 hivi, na kompyuta hulipa pengo kwa kuongeza muda wa nozeli kwa kama asilimia 12. Dereva hatasikia kitu. Presha ikishuka hadi nusu, bar 1.5, mafuta yanapungua kwa asilimia 29 na kompyuta ingehitaji kuongeza 41. Mifumo mingi hukata tamaa kabla ya hapo, mahali fulani kati ya robo na theluthi, ikawasha taa ya injini. Kwa hiyo kufikia siku taa inapowaka, hitilafu imekwisha kukaa ndani ya gari muda mrefu ikifichwa na kompyuta yenyewe.

Asilimia hizo zikisomwa katika hali mbalimbali zinaanza kutenganisha washukiwa. Hewa ya wizi inayoingia kupitia mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa huonekana zaidi injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kwa sababu wakati huo hewa halali ni kidogo na ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, asilimia inashuka kuelekea sifuri. Upungufu wa mafuta hufanya kinyume chake: injini isipokanyagwa inaonekana nzima, mzigo ukiongezeka asilimia inapanda. Masega ya eksozi yaliyoziba humnyima dereva nguvu mlimani vile vile, lakini kwa kawaida marekebisho hubaki karibu na sifuri, kwani injini isiyoweza kutoa moshi haivuti hewa na haihitaji mafuta mengi. Kipimo hicho kimoja, kinachofanyika dereva akiendesha na msaidizi akitazama skrini, kinatosha kuokoa pampu nyingi.

Hakitoshi kuihukumu pampu, hata hivyo. Sensa ya hewa iliyochafuka hutoa picha ile ile: asilimia inapanda kadiri mzigo unavyopanda, kwa kuwa sensa inahesabu hewa pungufu na kompyuta inatoa mafuta pungufu. Eksozi inayovuja mbele ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje na kumdanganya msomaji. Plagi isiyowaka nayo huacha oksijeni isiyoungua kwenye moshi, sensa ikaripoti njaa ya mafuta huku petroli ikitoka mbichi nyuma. Kumbe yule fundi wa tatu wa plagi hakuwa mjinga. Alikuwa na mshukiwa halali ambaye hakumhoji.

Geji, na makosa ya wanaoiamini

Geji ndiyo pekee inayojibu swali lenyewe: presha ni ngapi? Mtu anayedai presha ni ndogo bila kuifunga anakisia, hata akiwa na uzoefu wa miaka thelathini. Kinachoizuia ni kazi. Toyota nyingi hazina mdomo wa kupimia kwenye reli, kwa hiyo inabidi kukata njia ya mafuta na kuingiza kiungo cha T chenye vifungo vinavyofaa. Kabla ya hapo presha lazima iondolewe, kwa kuchomoa fyuzi au rilei ya pampu na kuiacha injini ijizimie yenyewe. Petroli inayorushwa kwa bar 3 juu ya eksozi ya moto ni moto unaosubiri, na gereji isiyo na kizimamoto haina ruhusa ya kimantiki kuifungua laini hiyo.

Kosa la kwanza la waumini wa geji ni kusoma mara moja, gari likiwa limesimama, kisha kutoa hukumu. Injini isiyokanyagwa inakunywa kidogo mno. Pampu iliyochoka na filta iliyoziba nusu zinaweza kuihudumia vizuri na geji ikaonyesha bar 3.2 za kupendeza. Presha ni shinikizo, wingi ni jambo jingine. Ndiyo maana kipimo cha maana hufanywa kwa geji yenye mpira mrefu inayofungwa hadi nje ya kioo, gari likipanda mlima ule ule unaolishinda. Presha ikibaki palepale nguvu zikipotea, achana na mafuta, nenda kwingine. Ikiporomoka pamoja na nguvu, mafuta ndiyo, ingawa mkosaji bado hajatajwa. Mbadala wake ni kupima wingi: kuelekeza laini kwenye chombo salama na kuona pampu inatoa kiasi gani. Kanuni ya jumla ya mafundi ni nusu lita kwa nusu dakika, japo kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli.

Kosa la pili ni kuiondoa geji mapema. Baada ya kuzima injini presha inatakiwa kubaki. Kwa 1NZ, Toyota wanataka angalau bar 1.5 baada ya dakika tano. Ikishuka hadi sifuri kwa sekunde chache, hapo kuna sababu ya kuchelewa kuwaka asubuhi, na washukiwa ni watatu: valvu ndogo ya pampu inayozuia mafuta kurudi, regyuleta, au nozeli inayovuja ndani ya silinda. Nozeli huacha alama, moshi mweusi na harufu ya petroli gari likiwaka, kwa sababu mafuta yamemwagikia ndani usiku kucha. Valvu ya pampu haiachi alama hizo. Gari linazungushwa muda mrefu, linawaka safi.

Kwa mifumo yenye laini ya kurudisha kuna kipimo cha zamani na kizuri: ibane laini hiyo kwa sekunde chache tu huku ukitazama geji. Presha ikiruka juu kwa nguvu, pampu ina uwezo na regyuleta ndiyo inayovujisha. Isiporuka, tazama pampu, filta, au umeme. Lakini kibanwe kipande cha mpira laini peke yake. Bomba gumu la plastiki likibanwa kwa koleo linapasuka, na ukarabati wake unazidi bei ya kipimo.

Volti zinazodanganya

Baada ya geji kuthibitisha kwamba presha ni ndogo, watu wengi hurukia pampu. Kundi la nne linasema subiri. Mota ya pampu inazunguka kwa kasi inayolingana na volti inazopata. Injini ikiwa imewaka betri ina volti kati ya 13.5 na 14.5 hivi, pampu ikipata 10 kwa sababu ya rilei iliyoungua meno au waya wa ethi wenye kutu, itazunguka polepole na presha itashuka mzigo ukija. Pampu mpya itafanya vivyo hivyo.

Mtego wa kupima volti ni mmoja na unanasa wengi. Fundi anachomoa soketi, anaweka mita, anaona volti 12, anatangaza umeme upo. Mita haivuti mkondo. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya nyuzi ishirini zilizokatika utaonyesha volti 12 pale ambapo hakuna kinachofanya kazi. Volti zinapimwa pampu ikiwa imechomekwa na inazunguka, na zinapimwa pande zote mbili: kutoka betri hadi pampu, na kutoka pampu hadi ethi. Ikipotea zaidi ya nusu volti upande mmoja, kuna waya au kiungo cha kutafutwa. Tahadhari moja tu: baadhi ya magari, hasa yenye injini kubwa, huipunguzia pampu umeme kwa makusudi wakati mzigo ni mdogo, na volti 9 hapo si ugonjwa.

Klampu mita inayozungushiwa waya wa pampu inaongeza habari ambayo geji haina. Pampu inayosukuma dhidi ya filta iliyoziba mbele yake inahangaika, na mkondo wake unapanda huku presha ya reli ikiwa chini. Pampu iliyolika ndani, au inayovuta hewa kwa kuwa tenki karibu ni tupu, inazunguka kwa wepesi, na mkondo unashuka pamoja na presha. Dalili ni moja kwenye reli, maelezo ni mawili kinyume. Nadhani hiki ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote: hakifungui laini ya mafuta, na klampu mita inayosoma mkondo wa moja kwa moja si kifaa cha bei ya kutisha.

D4 na dizeli: sheria nyingine

Kwenye injini za D4, pampu ya tenkini inapeleka mafuta kwa bar chache tu kwenye pampu ya pili inayosukumwa na kemshafti, nayo inayapandisha hadi kati ya bar 80 na 130. Reli ina sensa yake. Hapa mashine inakuwa mfalme kwa haki: inaonyesha presha inayotakiwa na iliyopo, na tofauti yake ndiyo habari. Kodi P0087 husema presha iko chini. Hata hivyo haisemi kama pampu ya juu imechoka au inanyimwa mafuta na ile ya chini, na hilo linaturudisha kwenye geji, upande wa presha ndogo. Oili inayopanda kwenye kijiti cha kupimia na kunuka petroli ni ushahidi wa ziada dhidi ya pampu ya juu. Sili yake inavuja ndani ya injini.

Dizeli ya komoni reli ilianza na Denso kwenye lori la Hino mwaka 1995, kisha Bosch kwenye Alfa Romeo 156 mwaka 1997, na leo ndiyo iliyomo ndani ya Hiace, Hilux na Prado zenye 1KD. Injini isiyokanyagwa hufanya kazi kwa bar 300 hadi 400, na chini ya mzigo hupita 1,000. Geji ya kawaida haina nafasi hapo. Fundi wa dizeli za zamani, za 3L au 1HZ, alizoea kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa imewaka, asikie silinda ipi haifanyi kazi. Tabia hiyo kwenye komoni reli inaua. Mchirizi wa dizeli kwa presha hiyo hupenya ngozi bila hata maumivu makubwa mwanzoni, na aliyepatwa nao anahitaji upasuaji wa dharura, si kupakwa spiriti.

Uchunguzi wake salama huanza upande wa kuvuta. Pampu ya injini hizo huvuta mafuta yenyewe kutoka tenkini, bila pampu ya umeme, kwa hiyo kiungo kilicholegea kinaingiza hewa badala ya kumwaga mafuta nje, na hakuna tone linalokionyesha. Kipande cha bomba linaloonyesha ndani kabla ya pampu kitafichua mapovu. Kisha hupimwa mafuta yanayorudishwa na kila nozeli: moja ikirudisha kuliko wenzake, ndiyo inayovujisha presha, na gari halitafikia zile bar 200 hivi ambazo kompyuta nyingi huzihitaji kabla ya kuruhusu kuwaka. Baada ya hapo ndipo valvu ya kudhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu inatazamwa, na pampu yenyewe inakuwa ya mwisho. Bei yake ni sababu tosha ya kuiweka mwisho.

Kwa nini kubahatisha kunashinda

Vipimo hivi si siri. Vipo kwenye vitabu vya kiwanda na vinafundishwa VETA. Kama bado pampu inabadilishwa kwa kukisia, sababu ziko nje ya ufundi. Kubwa ni malipo. Mteja wetu hulipa kwa kitu kilichofungwa, halipi kwa kitu kilichogunduliwa. Fundi akitumia saa mbili kufunga geji na kufuata waya, akapata kutu kwenye ethi na kuisafisha kwa msasa, atapewa nauli. Akifunga pampu kwa dakika arobaini atapata ufundi wake na pengine kitu kidogo kutoka dukani. Mfumo wa namna hiyo huzalisha pampu mpya, si vipimo.

Mafuta yenyewe yanachangia. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulifikia hali ambayo EWURA ya Tanzania walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa ndani ya dizeli hupunguza ulainishaji ambao pampu ya komoni reli inautegemea kwa uhai wake. Ndani ya petroli huharibu uunguaji, gari likagonga na kukosa nguvu huku presha ikiwa kamili, na ndipo pampu nzima inaposingiziwa tena. Ongeza mazoea ya kuweka mafuta ya elfu kumi kwa siku: pampu ya tenkini hupozwa na mafuta yanayoizunguka, na ile inayoishi chini ya taa ya akiba hufanya kazi ikiwa na joto, ikivuta uchafu na maji yaliyotuama. Pampu hizo hufa kweli. Zikibadilishwa bila kusafisha tenki wala kubadilisha wavu wa mdomoni na filta, mpya hufuata ya zamani.

Kipi kitangulie

Kuuliza kipi ni bora kati ya sikio, mashine, geji na mita ni kuuliza swali lisilo sahihi. Vinajibu maswali tofauti: mashine inasema kama mafuta yanapungua na lini, geji inasema kama presha ndiyo sababu, volti na ampia zinasema nani ameishusha. Kinachopaswa kubishaniwa ni mpangilio. Kwa gari la petroli la kawaida, mpangilio wenye gharama ndogo ni kuanza na macho na pua, kisha asilimia za marekebisho barabarani, kisha volti na mkondo wa pampu, na geji baadaye. Wapo watakaotaka geji itangulie mita, na kitabuni wana haki, kwa kuwa hakuna maana ya kutafuta aliyeshusha presha ambayo haijashuka. Lakini kwenye Vitz isiyo na mdomo wa kupimia, chini ya kiti cha nyuma kuna soketi inayofikiwa kwa dakika chache bila kumwaga tone, na waya mbovu ukipatikana hapo geji haihitajiki kabisa. Kwa D4 na dizeli mpangilio unaanza na mashine, na hakuna kuligusa bomba la presha kubwa injini ikiwa hai.

Inabaki hali moja ambayo kubadilisha pampu bila vipimo vyote ni uamuzi wa akili. Gari lina umri wa miaka ishirini, pampu ni ya kiwandani, tenki limekwisha kufunguliwa kwa sababu nyingine kama kipimo cha mafuta kilichokufa, na safari iliyo mbele ni ya Tunduma. Hapo gharama ya kazi imekwisha lipwa na hatari ya kukwama porini ni kubwa kuliko bei ya pampu. Mwenye gari aifunge mpya, pamoja na wavu na filta. Ile ya zamani, ikiwa bado inazunguka, aifungie kwenye mfuko aiweke kwenye buti.